Mashindano ya Mikono Miwili

Kidole changu cha shahada, cha mkono wa kulia, kimesoma vitabu vingi kuliko macho ya wote waliowahi kunionea huruma. Nalisema hili mapema ili asitokee mtu wa kuniita maskini kabla sijafika mbali. Nilizaliwa sioni, nikapelekwa shule, nikafundishwa nukta nundu, na kwa miaka ishirini na sita nimekuwa mhakiki katika kiwanda kinachochapa vitabu vya wasioona. Kazi yangu ni kuupapasa kila ukurasa kabla haujafungwa kitabuni na kusema palipo na kosa. Nukta moja ikizama tu, herufi inageuka nyingine, na mtoto aliye darasani mbali huko anasoma upuuzi akidhani ni elimu. Wenzangu waliniita Bi Nundu, mbele yangu na nyuma yangu, kwa sababu nikisema ukurasa urudiwe unarudiwa, hata kama mashine zimeshazimwa na watu wameshachukua mikoba yao.

Sheria yangu ilikuwa moja, na kila mhakiki mpya nilimwimbia mpaka akachoka: usipitishe ukurasa ambao hujausoma kwa kidole. Hata kama umeuandika mwenyewe, usome.

Pale kiwandani tunafanya kazi wawili wawili. Anayeona anashika kitabu cha wino na kukisoma kwa sauti, asiyeona anafuata kwenye nukta. Mwenzangu wa miaka yote hiyo ni Babu Miwani, mwanamume mwenye sauti ya kukwaruza, asiye na mjukuu hata mmoja. Ubabu alipewa na ile miwani, ambayo nimeishika na nakuhakikishieni ina uzito wa kufuli. Yeye husoma kila kitu, hata alama. Mkato, anasema. Nukta. Aya mpya. Tulikuwa tumezoeana kiasi kwamba nilijua sentensi itaishia wapi kwa jinsi alivyovuta pumzi.

Ganzi ilianza mwaka jana. Nilikuwa naamka vidole vitatu vya mwanzo vinawaka kama vimemwagiwa pilipili, nakaa kitandani nakung'uta mikono kama mtu aliyenawa akakosa taulo. Nikasema ni baridi. Nikasema nimelalia mkono. Baadaye nikasema ni umri, na umri hauna dawa, basi nikajikaza kisabuni na kwenda kazini. Dada yangu mkubwa, ambaye tunaishi pamoja tangu mumewe afariki, alisema niende hospitali. Nikamwambia aliyezoea kutafuta ugonjwa haukosi. Akasema sawa, wewe ndiye msomi.

Kisha shule moja ikaturudishia kitabu cha sayansi. Mwalimu alikuwa ameandika barua ya adabu sana, na adabu yenyewe ndiyo iliyoniuma. Ukurasa mmoja ulikuwa na mstari uliojirudia mara mbili, na mwingine ulikuwa na aya nzima iliyopauka, nukta zake zimelala chini. Kurasa zote mbili zilikuwa na mhuri wangu. Msimamizi alituita, akasoma barua, akaweka kitabu mbele yangu. Nikapitisha kidole. Kidole kikaniambia hakuna kosa.

Nilimwambia Babu Miwani achukue kitabu cha wino tusome pamoja, msimamizi akiwa amesimama palepale. Akaanza. Nikafuata vizuri, neno kwa neno, moyo ukaanza kutulia. Katikati ya sentensi akanyamaza. Nikangoja amalize kukohoa, lakini hakukohoa.

"Endelea," nikamwambia.

"Endelea wewe," akasema. "Kitabu unacho."

Nikabaki pale. Kidole kilikuwa juu ya mstari na sikujua kinachofuata. Chini yake palikuwa na kitu kama nguo iliyopigwa pasi vibaya, basi. Nilipokikandamiza kwa nguvu na kwenda herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza, neno likaja, lakini lilikuja limechelewa na limechoka. Babu Miwani akanisogelea na kupunguza sauti ili msimamizi asisikie, ingawa alisikia.

"Bi Nundu, tangu lini unasoma kwa masikio?"

Kweli sikujua. Miezi mingapi nilikuwa nimekaa pale nasikiliza sauti ya mtu na kudhani ni kidole changu kinachosema? Kurasa ngapi? Nilitaka ardhi ipasuke initie ndani. Msimamizi, ambaye si mtu mbaya, alisema niende nikatibiwe, kiti changu kitaningoja.

Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa binti kwa sauti yake, mwenye mikono ya baridi na subira. Alinigonga kifundo cha mkono, akanikunja viganja, akaniuliza umeme unapita wapi. Akaeleza kwamba pale kifundoni pana njia nyembamba, na ndani yake hupita mshipa wa fahamu unaohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete. Njia ikivimba, mshipa unabanwa. Kidole cha mwisho hakimo katika kesi hiyo, kina mshipa wake unaopita njia nyingine. Nikasema hongera zake, maana tangu nizaliwe sijawahi kukiona kikifanya kazi yoyote. Daktari akacheka.

Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo nalisikia. Ganzi hii inakuja na kuondoka, au imekaa?

Nikasema inakuja na kuondoka. Dada, aliyekuwa amenisindikiza, akakohoa. Nikarudia, kwa sauti ya juu kidogo, kwamba inakuja na kuondoka.

Nilisema uongo, na sababu yake naijua. Nilikuwa nimeshasikia kwa watu kwamba ikikaa, wanapasua. Na kweli daktari aliligusa neno hilo, kwamba ikishindikana kabisa kuna upasuaji, mdogo tu. Nikavuta mikono yangu nikaificha mapajani. Jaribu kumwambia mtu anayeona kwamba utampasua jicho, kidogo tu, halafu umwambie asiogope.

"Upasuaji si leo, mama," akasema. "Tuna mambo ya kujaribu kwanza. Lakini hili nalisema mbele ya dada yako ili tuwe wawili wa kukumbuka. Ganzi ikikaa kutwa nzima bila kuondoka, au kidole gumba kikianza kulegea, usingoje siku ya miadi. Njoo siku hiyo hiyo."

Nikaitikia harakaharaka, kama mtu anayetaka kumaliza salamu. Nikamuuliza hayo mambo ya kujaribu ni yapi na lipi bora. Akanieleza vizuri, na mimi nikasikiliza kama ninavyosikiliza ukurasa mgumu. Kuna banzi, la kufunga kifundo kikae wima hasa wakati wa kulala, kwa wiki sita. Kuna sindano ya steroidi ya kupunguza uvimbe palepale kifundoni. Kuna mazoezi ya kuutelezesha mshipa. Kuna kupumzisha mikono. Vidonge vya maumivu vinatuliza kichwa zaidi ya mkono, na vitamini hakuwa na cha kuniahidi juu yake. Kati ya sindano na banzi, akasema, sindano huwahi kutuliza katika wiki za mwanzo, lakini miezi ikipita wengi hawatofautiani sana. Mazoezi yanasaidia baadhi, ushahidi wake ni mdogo.

Jibu la namna hiyo halimtoshi mhakiki. Mimi nimeishi kwa kusema hapa pana kosa na hapa hapana. Nikamwambia mikono ninayo miwili na dawa ziko mbili, basi kila mmoja upewe yake tuone. Akafikiri, akasema si vibaya; wa kulia ndio uliozidi, uchukue sindano, wa kushoto uvae banzi. Mazoezi mikono yote. Na kusoma kwa vidole, akasema, kupumzike wiki sita, kwa sababu ni kutwa nzima ya kifundo kimoja juu ya meza. Sijawahi kukaa hata siku mbili bila kusoma. Hata siku niliyomzika mama nilisoma.

Tulipofika nyumbani nilitoa mashine yangu ya nukta kabatini, ile ya vitufe sita, nikatia karatasi nzito na kufungua daftari la mashindano. Kila asubuhi baada ya chai niliandika mstari mmoja: siku ya ngapi, kulia alama ngapi, kushoto alama ngapi. Kumi ni maumivu ya kulia machozi, sifuri ni hakuna. Kupiga vitufe hakuhitaji ncha ya kidole, kunahitaji uzito tu, hata kiwiko kingeweza. Karatasi ikijaa naitoa, natoboa pembeni, natia kwenye jalada.

Sikuzisoma. Niliamriwa nisisome, na mimi ni mtu wa amri. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Sindano ilichoma kama nyigu, ikaniachia mkono mzito siku mbili. Siku ya tatu niliamka nikakaa kitandani nikingoja ule moto wa vidole, haukuja. Nilimwita dada kwa furaha hata akaja mbio akidhani nimeanguka. Kulia ikashuka kutoka nane mpaka tatu, ikashuka mpaka moja. Kushoto, ndani ya banzi lake lililonuka jasho na plastiki, ilijivuta saba, saba, sita. Nikawa naudhihaki mkono wa kushoto nikiwa peke yangu. Nauambia mwenzako yuko fainali, wewe bado unafunga viatu.

Mtaalamu wa viungo alikuwa mwanamume mchangamfu aliyehesabu kwa kuimba. Nyoosha vidole, kunja nusu, kunja ngumi, fungua, geuza kiganja. Alisema mshipa ukifanyiwa hivyo unateleza vizuri njiani mwake, kama kamba ya suruali kwenye upindo. Nilifanya mara tano kwa siku, yeye alisema tatu. Dada naye hakutaka kubaki nyuma, akaleta mafuta ya kuchua yaliyonuka kama duka la dawa lililoangusha rafu, akanichua kila jioni huku akinipa habari za majirani. Nikayaandika na mafuta. Faida yake ilikuwa ndogo, ila umbea ulisaidia.

Katika kunichua huko ndiko alikoona. Alikuwa anapitisha kidole chake kwenye kile kinundu cha nyama kilicho chini ya kidole gumba, mkono wa kulia, akasimama. Akashika na wa kushoto. Akarudi kulia.

"Nyama ya hapa imekwenda wapi?"

Nikamwambia nimekonda kwa kupikiwa naye. Akacheka, lakini hakucheka sana. Wiki hiyo hiyo nilishika mfuniko wa sufuria iliyokuwa jikoni inachemka, nikauinua bila kitambaa na kuuweka mezani taratibu. Dada akaniuliza, hukusikia moto? Nikasema ngozi yangu imekomaa kwa kazi. Vikombe viwili vilinitoka mkononi, nikalisingizia banzi. Vifungo vya gauni nikaacha avifunge yeye, kwa sababu ni mgonjwa na wagonjwa huhudumiwa. Kila kitu nilikipatia maelezo. Naona sasa kwamba nilikuwa hodari sana wa maelezo.

"Daktari alisema ikikaa turudi," dada alinikumbusha siku moja, akiosha vyombo.

"Alisema ikizidi," nikamjibu. "Na haizidi. Hainiumi hata kidogo. Wewe ungependa iniume?"

Akasema hapana, angependaje? Akaendelea kuosha. Sikumwacha na neno lingine la kusema, na najua kwamba alinyamaza kwa sababu maisha yake yote ameambiwa mdogo wake ndiye mwenye akili.

Wiki ya nne ilipokwisha Babu Miwani alikuja kuniona. Alileta habari za kiwandani. Kamusi kubwa tuliyoianza pamoja, majalada ishirini na mawili, ilikuwa imefika herufi N. Alikuwa anasoma na binti mgeni, mzuri, ila anakubali kila kitu haraka. Msimamizi bado anasema kiti kinangoja. Kisha nikasikia karatasi nzito ikitolewa kwenye mfuko, ule mlio ambao ningeutambua hata nikiwa kaburini.

"Nimekuletea ukurasa wa kwanza wa N. Gusa kidogo tu. Mstari mmoja, halafu naondoka nao."

Harufu ya karatasi mpya ilinijia. Mkono wangu uliinuka wenyewe kutoka kwenye paja. Nikaurudisha. Nikasema nimekatazwa, zimebaki siku kumi na tatu, mtu hajikwai akiwa amefika mlangoni. Akasema mstari mmoja haumuui mtu. Nikasema amri ni amri, tangu lini yeye akaona Bi Nundu anavunja sheria? Nilisema kwa ukali kuliko ilivyohitajika. Aliurudisha ukurasa mfukoni. Alipokuwa anaaga alinishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili akaushikilia hivyo.

Nitalisema wazi. Niliogopa. Mahali fulani ndani yangu palikuwa panajua, na mahali hapo nilikuwa nimepafunga na kupageuzia mgongo, nikasimama mbele yake na daftari la alama.

Siku ya thelathini na nane mkono wa kushoto nao ukapata sifuri. Niliandika matokeo kwa herufi zote: mshindi ni sindano, wa pili ni banzi kwa kuchelewa wiki nne, mazoezi yanastahili pongezi, mafuta ya dada hayana madhara. Nilipanga kumwambia daktari ayachukue yamsaidie kuwajibu wagonjwa wengine. Nilimwambia dada anipigie pasi gauni la kazini, kwa sababu kutoka hospitali ningepitia kiwandani moja kwa moja.

Daktari alinipokea kwa furaha na kuniuliza hali. Nikasema sina maumivu, mkono wowote, saa yoyote. Akasema hizo ni habari njema, na ganzi je? Nikamwambia kabla ya ganzi kwanza asikie ripoti, nimemletea ripoti kamili ya siku arobaini na mbili. Dada akaniwekea jalada mapajani. Daktari akasema bahati mbaya yeye nukta hajui, nimsomee.

Nilifungua. Nilinyoosha mgongo kama ninavyofanya kazini, nikaweka kidole cha kulia juu kushoto, panapoanza mstari wa kwanza.

Karatasi ilikuwa laini.

Nikashuka mstari wa pili. Nikashuka wa tatu. Nikafungua ukurasa uliofuata, nikapitisha kidole kutoka juu mpaka chini. Laini kama sahani.

"Dada, umenipa jalada jingine."

"Ndilo hili. Liko moja tu."

"Basi mashine haikupiga. Vitufe vimelegea, siku zote hizo nilikuwa napiga hewa. Karatasi hizi ni tupu."

Kiti cha daktari kililia kidogo. Nikasikia dada anavuta pumzi, ile anayovuta kabla ya kuniambia mtu amekufa.

"Nukta zipo, mdogo wangu," akasema. "Naziona. Ukurasa umejaa."

Nikaweka kidole cha mkono wa kushoto. Pale palikuwa na kitu, mkwaruzo wa mbali, kama mtu anazungumza nyumba ya tatu. Nikakandamiza. Nikakandamiza mpaka kucha ikaniuma, na maumivu hayo ya kucha niliyapokea kama mgeni, lakini herufi hazikuja. Nilirudi kwenye mkono wa kulia. Nilisugua ukurasa. Dada akanishika mkono akaniambia basi, basi, utazifuta.

Daktari alichukua mikono yangu na kuiweka juu ya meza. Akasema atanigusa vidoleni kwa pamba, halafu kwa ncha ya pini, na kila nikihisi niseme ndiyo. Nikajiweka tayari. Nilingoja kwa makini yote niliyo nayo, kwa sababu nilitaka kufaulu. Nikasikia saa ya ukutani. Nikasikia mtu akipita na toroli nje.

"Utaanza lini?" nikamuuliza.

"Nimeshamaliza, mama."

Kisha akazungumza taratibu. Akasema mshipa ukibanwa hulia, na kilio chake ndiyo yale maumivu. Ukibanwa sana kwa muda mrefu hunyamaza. Nilikuwa nimepima kilio peke yake, kilio kilipopungua nikaandika kwamba mgonjwa anapona. Sindano na banzi vilituliza nilichovipa vitulize. Aligusa pale chini ya kidole gumba, palipoisha nyama, na hakuhitaji kuniambia maana yake. Akasema nitapimwa mishipa kwa umeme wiki hiyo hiyo na kupasuliwa mapema iwezekanavyo, kuokoa kilichobaki. Nikamuuliza nitasoma? Akasema hisia za kushika kikombe zinaweza kurudi, polepole, kwa miezi, pengine mwaka na zaidi. Za kutofautisha nukta sita zilizobanana namna ile hakuweza kuniahidi, na asingependa kunidanganya.

"Mama, ile siku ya kwanza," akauliza, "ganzi ilikuwa inakuja na kuondoka?"

"Hapana," nikasema. "Ilikuwa imekaa."

Nikasikia kalamu yake inaandika. Hakunigombeza. Ningemshukuru sana angenigombeza.

Hatukupitia kiwandani. Nyumbani dada alinivua lile gauni, kifungo kimoja kimoja, akalitundika kabatini, akaenda jikoni akawa anasema peke yake, anajilaumu, anamlaumu marehemu mumewe, anailaumu redio. Babu Miwani alipiga simu mara mbili nikasema aambiwe nimelala. Ilikuwa mchana bado, joto la jua lilikuwa limefika kwenye mkono wa kiti changu. Nililia mpaka kifua kikauma, kisha nikakaa tu. Nilifikiria vitabu vyote vilivyo kwenye rafu nyuma yangu, najua vilivyopangwa, vyote vikiwa vimefungwa mdomo ndani ya siku moja. Hapo nilielewa kwa mara ya kwanza watu wanachomaanisha wakisema kipofu. Miaka hamsini na moja nilikuwa nalisikia neno hilo na kuona halinihusu.

Nikachukua jalada. Nikakumbuka kidole cha mwisho, yule mvivu, mwenye mshipa wake na njia yake. Nikamweka juu ya karatasi.

Akahisi. Nukta zilikuwepo, ngumu, kali, zimesimama, kila moja mahali pake. Ila alikuwa hajui chochote. Alizipapasa kama mtu aliyeingia kwenye mkutano wa watu asiowafahamu, anamgusa huyu bega, anamgusa yule, hajui jina la yeyote. Ilibidi nihesabu moja moja, juu kulia ipo, katikati kushoto haipo, kisha niitafute herufi kichwani. Nikipoteza mstari naanza upya, kwa sababu mkono wa kushoto haukuweza kunishikia mahali. Dada aliniletea chai, ikapoa. Jua likahama kutoka kwenye kiti. Jioni ilipoingia nilikuwa nimesoma mstari mmoja wa daftari langu:

Siku ya ishirini na tisa. Kulia sifuri. Kushoto tatu. Mungu ni mwema, tunapona.

Nikarudi mwanzo wa mstari nikausoma tena, maana usipitishe ukurasa ambao hujausoma kwa kidole. Nilitafuta kosa. Nilitafuta kwa bidii, nukta kwa nukta, nikitamani kulipata. Hakuna iliyozama, hakuna iliyozidi, nafasi zilikuwa sawa. Ungeletwa mezani kwangu kiwandani, ningeupiga mhuri.